Nimeacha kuuliza watu kama niko sawa: mwaka wa nne bila mtumishi, mganga wala msoma nyota

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ni nadra. Haya nimeyaandika kwenye daftari kwanza, ndipo nikayahamishia kwenye simu, kwa hiyo ni marefu. Mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Ni fundi cherehani, Dar es Salaam. Nina kibanda chenye mashine mbili na ovaloki moja, watoto wawili, na mama anayeishi na mimi. Kodi ya kibanda inanisumbua kama inavyowasumbua wengine. Nayataja haya ili mtu asidhani nimetulia kwa kuwa mambo yamenyooka. Hayajanyooka.

Kuanzia 2011 hadi mwisho wa 2020 sikuwahi kuamua jambo la maana bila kwenda kwanza kwa mtu anihakikishie kwamba juu kuko salama. Kuhama nyumba, kununua mashine, kukubali au kukataa mchumba, hata kumtoa mtoto shule moja kumpeleka nyingine. Yote yalipita kwa mtu.

Safari ya kwanza wengi wenu mnaijua. Mzee Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alikuwa anatoa kikombe kijijini Samunge, Loliondo. Dawa ya mizizi ya mti wanaouita mugariga, shilingi 500 kwa mtu. Nilimpeleka mama, ana kisukari. Tulipita Mto wa Mbu, tukapita Engaruka, tukauacha Ol Doinyo Lengai pembeni, vumbi hadi kwenye meno, halafu tukaikuta foleni ya magari isiyoonekana kichwa. Tulilala garini usiku tatu. Mama alikunywa, na mimi nikanywa ingawa sikuwa naumwa. Vidonge vyake mama hakuviacha, ni mtu wa msimamo wake. Mzee wa watu alifariki 2021 na sina neno baya juu yake.

Ninachokikumbuka zaidi ni safari ya kurudi. Kila baada ya muda mtu aligeuka akamuuliza wa jirani: "Unajisikiaje? Umeanza kuona nafuu?" Aliyeulizwa akijibu "naona," gari zima linachangamka. Akisema "bado," kimya. Nami, mzima wa afya, nikajikuta namuuliza dereva kama uso wangu umenawiri. Dereva, ambaye hakuwa amewahi kuniona kabla ya wiki ile.

Baada ya hapo nikawa mteja. Nilikwenda kwa mganga mmoja aliyesema nyota yangu imefunikwa, nikaoga majani siku saba. Nikaenda kwa mzee wa kupiga falaki aliyetaka jina langu na la mama. Mwisho nikatua kwa mtumishi mmoja wa Mungu, ambaye simtaji na msiniulize. Huyo nilikaa naye miaka mitano: maji, chumvi, mbegu, na kachupa kadogo ka mafuta kenye mdomo mwembamba ambako nilitembea nako kwenye mkoba. Alisema kuna mtu wa ukoo amekalia nyota yangu. Mnajua sentensi moja kama hiyo inavyofanya kazi? Nilianza kuwatazama shangazi zangu msibani na kuwahesabu.

Ninavyoandika hivi mtu anaweza kufikiri naleta hoja ya kutapeliwa. Hela zilikwenda, ndiyo. Niliwahi kukaa na daftari la wateja nikajumlisha matumizi ya mwaka 2018 peke yake, nauli humo humo, ikafika 1,140,000. Bei ya mashine. Lakini kuna kilichoniuma kuliko hela.

Nilipoanza, nikiambiwa "uko sawa, Mungu amekukubali," ile nafuu ilikuwa inadumu kama wiki. Naimba kibandani. Baadaye ikawa siku tatu. Baadaye siku moja. Mwaka wa mwisho haikuwa inafika nyumbani: nilikuwa nashuka kwenye daladala Mabibo tayari nina swali jipya. Je, alilisema kwa uhakika? Mbona aliangalia pembeni? Labda nilisahau kumwambia lile la kaka. Narudi tena Jumatano.

Jibu lilikuwa halinitoshi kwa sababu lilikuwa la kwake. Nililibeba kama gauni la kuazima, naogopa kulichafua, na najua litadaiwa.

Desemba 2020 shule moja binafsi ikaniletea oda ya sare 120, sketi 60 na mashati 60. Kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kushika. Walitaka jibu kabla ya Jumamosi. Simu yangu ikaingia maji, fundi akakaa nayo siku tatu, na mtumishi alikuwa mkoani. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Sikuchagua ushujaa, nilikosa namba.

Ijumaa usiku nikakaa mezani na kalamu. Mita ngapi za kitambaa. Uzi, vifungo, zipu. Posho ya kijana wa kunisaidia. Nikikesha mara ngapi. Shule ikichelewesha malipo nitakula nini Januari. Nikaona nikibana naweza. Jumamosi nikasema ndiyo.

Sasa msikilize hapa. Oda ile haikuwa muujiza. Walilipa nusu, nusu iliyobaki ikaja Julai kwa vipande. Nilikopa unga dukani. Kwa hesabu za zamani hiyo ni nyota iliyofungwa kabisa. Nilingoja hofu ije kama kawaida yake, na ikaja kweli, siku moja mchana nikiwa napiga pasi. Lakini nilikuwa nimeshaongea na mhasibu wa shule, najua wazazi hawajamaliza ada. Hela imechelewa kwa sababu ada imechelewa. Hakuna aliyekalia kitu. Nikaendelea kupiga pasi.

Na nilikuwa nalala. Hilo ndilo lililonishtua. Miaka kumi ya kuhakikishiwa sikulala vizuri, na mwaka wa deni nikalala.

Mama aliona. Asubuhi moja akaniuliza mbona siku hizi siendi tena kule. Nikamwambia mama, niko sawa. Akaweka kikombe chini akaniuliza, bila ubaya wowote:

"Nani kakwambia?"

Sikuwa na jibu. Nimelifikiria swali lile miaka minne. Ni swali la haki kabisa kutoka kwa mtu aliyenilea. Ila nimegundua kwamba kama kuna jina la kulijibia, basi bado siko sawa.

Nitaendelea kesho, nina gauni la send-off la kukabidhi asubuhi.

Mchangiaji 1

Natia kambi hapa. Dada, hii ya nafuu kupungua siku imenigusa, mimi nilidhani ni imani yangu tu iliyopungua.

Mchangiaji 2

Mleta mada, pole kwa uliyopitia, ila uwe mwangalifu. Waebrania 10:25 imekataza kuacha kukusanyika. Na wazee walishasema mganga hajigangi. Mtu hawezi kujiona kisogo. Leo unajitosheleza, kesho utakuwa mungu wako mwenyewe.

Mleta uzi

Kaka, asante kwa kunionya kwa upole. Nakujibu la kwanza: kanisani naenda. Nilibatizwa, naimba kwaya ya akina mama, na wiki iliyopita tumezika mzee wa jumuiya yetu tukakesha pamoja. Sijaacha kukusanyika. Nilichoacha ni kumsubiri mtu mmoja pale mbele aniangalie usoni kisha aseme kama Mungu ananitaka ama hanitaki. Watu wa kulia nao na kuimba nao ninawahitaji sana. Wa kunisomea moyo wangu mwenyewe, hapana.

La mganga hajigangi limenikaa kichwani tangu mchana. Ni kweli mgonjwa anahitaji wa kumtibu. Ila rudi nyuma uangalie: siku nilipokwenda Samunge sikuwa mgonjwa. Nilipoambiwa nyota imefunikwa, kabla ya kuambiwa sikuwa na dalili yoyote. Ugonjwa na dawa nilivipata kwa mtu yuleyule siku ileile. Methali inamhusu mwenye ugonjwa. Mimi nilikuwa na mashaka ya kawaida ya mtu anayelea watoto peke yake, na mashaka hayo yana akili zake, yanataka kusikilizwa na kupigiwa hesabu.

Mchangiaji 3, Unguja

Assalaam alaikum dada. Mimi Muislamu nimesoma uzi wako nikaona yamo kwetu vilevile. Kuna watu wanalipa mtu awaswalie istikhara, ile swala ya kumwomba Mungu akuongoze katika uamuzi, wakati istikhara ni rakaa mbili za mwenye haja mwenyewe. Imepokewa kwa Jabir kwamba Mtume (s.a.w.) aliwafundisha masahaba istikhara kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani. Alifundisha kila mtu aombe. Hakusema mpelekeeni fulani. Na katika zile hadithi Arubaini alizokusanya Imam Nawawi, hadithi ya 27, Wabisa alikwenda kuuliza kuhusu wema na dhambi, akaambiwa auulize moyo wake: wema ni ule nafsi inaoutulia, dhambi ni ile inayokereketa kifuani, hata kama watu wamekupa fatwa. Fikiria, mtu kamfuata Mtume mwenyewe, naye anarudishwa kwenye moyo wake.

Lakini niseme pia, kuuliza wenye elimu hukumu ya jambo ni wajibu. Kumuuliza mwanachuoni mirathi inagawanywaje si sawa na kumuuliza "je, mimi nina heri?"

Mleta uzi

Waalaikum salaam. Kaka, mstari wako wa mwisho umenisaidia kulitenganisha jambo ambalo nilikuwa nalizunguka. Mimi nami nikikwama kwenye kola ya shati naenda kwa fundi mzee wa Kariakoo, namuuliza bila aibu. Yeye ananionyesha, naondoka na ujuzi, sirudi tena kwa kola. Kule kwingine nilikuwa naondoka na kiu.

Wateja wangu wamenifundisha pia. Kuna anayevaa gauni, anageuka kwenye kioo, ananiuliza "limenikaa?" Nasema limekukaa. Anamuuliza mwenzake. Anapiga picha anatuma kwenye kundi. Anakaa anasubiri majibu. Siku hizi namwambia tu: inua mikono, kaa kwenye kiti, inama uchukue kitu chini. Gauni likikukaa utajua mwenyewe, kwapa halibani na mgongo haupandi. Likibana, watu mia wakilisifia utalivua njiani.

Mchangiaji 4, Malindi

Dadangu, mimi niko upande huu wa Kilifi. Shakahola si mbali na kwetu. Aprili 2023 ndipo walipoanza kufukua miili, na waliotolewa mule msituni wakapita 400. Watu walifunga hadi kufa kwa kuambiwa watamwona Yesu. Ulimwengu uliona mwisho wake tu. Sisi tuliona mwanzo: mtu aliacha kwanza kujiamulia kuhusu shule ya mtoto, kisha hospitali, kisha chakula. Kila mara alipeleka uamuzi mmoja zaidi kwa kiongozi. Siwalaumu waliokufa. Kati yao wapo niliokuwa nawaona sokoni. Nakusoma hapa na mikono inanitetemeka.

Mleta uzi

Pole sana, ndugu yangu. Poleni huko. Sina maneno ya kuongeza hapo.

Niseme tu nami: Februari 2020, watu 20 walipofia Moshi kwenye uwanja wa Majengo wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako kwenye mkutano wa maombi, nilizisikia habari zile redioni nikiwa na kachupa kangu mkononi. Sikuacha siku ile. Nilisema wale walikosa utaratibu tu. Miezi kumi zaidi niliendelea. Ndiyo maana simhukumu yeyote aliyemo bado.

Mchangiaji 5

Mimi ni muuguzi, nimewahi kufanya kazi kitengo cha afya ya akili. Alichokieleza mleta uzi kuhusu nafuu inayofupika tunakifahamu. Mtu mwenye wasiwasi akihakikishiwa hupata nafuu, lakini ya muda mfupi, na kichwa chake hujifunza kwamba mashaka hayavumiliki bila mtu. Kwa hiyo mara ijayo anahitaji zaidi. Sehemu ya tiba ni kumfundisha kukaa na mashaka bila kukimbilia jibu, hadi aone yanashuka yenyewe. Swali langu kwa dada: ulifanyaje siku hamu ya kwenda kuuliza ilipokubana? Na wale wenye sonona kweli, uzi huu usije ukawaambia wakae nyumbani.

Mleta uzi

Asante, nesi. Naanza na la mwisho maana ni zito. Kama hulali wiki nzima, huli, huoni sababu ya kuamka, unasikia sauti, au unawaza kujidhuru, nenda hospitali. Hospitali za rufaa wana kitengo hicho. Hapo utakuwa unatafuta tiba kama anayetafuta dawa ya kisukari, na mama yangu hajawahi kuacha vidonge vyake.

Nilifanyaje? Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu kuliko nilivyousimulia. Simu iliporudi kutoka kwa fundi, nilipiga namba ya mtumishi mara mbili nikakata kabla haijaita. Mikono ilikuwa inatafuta kazi. Nikaanza kuweka simu kwenye droo ya mashine, najiambia nikimaliza kupinda sketi hii ndipo nitapiga. Kupinda sketi moja ni kama dakika kumi na tano kwangu. Nikiimaliza, mara nyingi ile kiu imeshuka kidogo. Nachukua nyingine.

Kitu cha pili kilikuwa daftari. Swali lililotaka kunipeleka kwa mtu nililiandika, na tarehe, halafu nikafunga. Nisome baada ya wiki mbili. Miezi mitatu ya kwanza yalifika maswali 31. Nilipoyarudia, 9 hata sikukumbuka kwa nini yaliniliza. Mengi ya yaliyobaki yalishajijibu kwa kuishi tu: mtoto alipona mafua, mwenye nyumba hakupandisha kodi, mteja aliyenuna alirudi. Yalibaki 6 ya kweli. Na yale 6 hakuna hata moja ambalo mtu wa nje angelijua kuliko mimi. Moja lilikuwa: je, nimemsamehe baba yao? Miaka mitano nilikuwa nalipa mtu anijibie hilo. Nililijibu jioni moja nimekaa kizingitini namenya viazi, na jibu lilikuwa bado, na nikaridhika nalo hivyohivyo.

Hapo ndipo ninaposema niliona kuridhika kwa mara ya kwanza. Nilitarajia kutafanana na furaha ya kuombewa, joto kifuani na machozi. Kumbe ni kitu kimya mno. Ni kama kelele ya feni iliyozimwa, unaisikia kwa sababu imekoma.

Mchangiaji 6, Dodoma

Umenikumbusha habari ya Mhindi mmoja, Jiddu Krishnamurti. Mwaka 1909 alikuwa kijana mdogo tu, watu wa Theosofia, chama cha mambo ya kiroho, wakamwona ufukweni Adyar, Madras, wakaamua huyu ndiye Mwalimu wa Ulimwengu ajaye. Kiongozi wao Annie Besant akamlea, na 1911 wakaunda jumuiya nzima ya kumsubiri. Tarehe 3 Agosti 1929, kambini Ommen, Uholanzi, mbele ya wanachama kama 3,000 na mama mlezi wake akiwepo, alisimama akaivunja jumuiya ile. Akasema ukweli hauna njia ya kupitia, na hataki wafuasi. Mali walizopewa zikarudishwa. Akaishi hadi 1986 akizunguka dunia kusema jambo hilohilo. Na bado watu walikuwa wanamfuata wakimtaka awaambie namna ya kutomfuata mtu.

Mleta uzi

Sikuwa namjua huyu, asante. Nimekaa na sentensi yako ya mwisho tangu asubuhi kwa sababu imenikuta. Tangu jana nimepata ujumbe kumi na nne kwenye sanduku. Watatu wameomba namba yangu tuwe tunaongea kila wiki. Mmoja, dada wa watu, ameandika maisha yake yote, kurasa kwa kurasa, na mwisho kauliza: "Je, nikiacha kwenda, Mungu hatanikasirikia? Wewe unaonaje?"

Dada, najua unasoma hapa. Sijalala vizuri kwa ajili yako. Nimeandika jibu nikafuta mara tatu. Nikikwambia hatakasirika, utapata siku tano, najua kwa hakika, kisha utaniandikia tena kama nilisema kwa uhakika. Nakupenda bila kukujua, na kwa sababu hiyo hilo silijibu. Ukitaka kuongea kuhusu watoto, au kazi, au ukitaka tu mtu wa kukusikiliza ulie, kibanda changu kina kiti cha wateja. Njoo ukae. Ila swali lile andika kwenye daftari, weka tarehe.

Mchangiaji 1

Dada, moja la mwisho. Kale kachupa kako wapi? Ulikatupa?

Mleta uzi

Hapana. Mafuta yaliisha yenyewe, nilimpaka mtoto miguuni baridi ya Juni. Kachupa nilikaosha kwa maji ya moto, kana mdomo mwembamba mzuri, hakamwagi. Nimekajaza mafuta ya cherehani. Kapo hapa kushoto kwangu, karibu na bobini, na leo nimekatumia mara mbili.